Kusubu Magnesiamu katika Kalibu za Kauri
(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Awali ya yote naishukuru kamati ya maandalizi kwa kuniita. Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumzie maendeleo ya sayansi na ufundi duniani. Nilimjibu kwamba shamba hilo ni kubwa mno kwa jembe langu, na kwamba naziogopa sana hotuba ambazo mtu huzisikiliza kwa adabu, akishatoka mlangoni hakumbuki hata neno moja. Nikamwomba anipe ruhusa nizungumze juu ya jambo moja tu, dogo, lililokula miaka mingi ya kazi yangu viwandani: ni nini hutokea pale magnesiamu iliyoyeyuka inapokutana na kalibu ya kauri. Alikubali, ingawa nadhani hakufurahi sana.

Magnesiamu mnaijua. Kila aliyepita katika maabara ya shule hii ameuona utepe wake ukiwaka kwa mwanga mweupe wa kuumiza macho na kuacha majivu meupe. Mwalimu wetu alituambia tusiutazame moja kwa moja, na sote tukautazama. Majivu yale ni oksidi ya magnesiamu. Tukauandika mlinganyo daftarini, tukapata alama zetu, yakaisha. Lakini kijana mwenye akili angeuliza: kama metali hii inawaka namna ile, nani mwenye wazimu wa kuiyeyusha kwa ndoo nzima na kuimimina?

Jibu ni uzito. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.87. Ya aluminiamu ina gramu 2.70. Ya magnesiamu ina gramu 1.74 tu. Basi ukitaka kutengeneza kasha la gia za helikopta, au kitu chochote ambacho kitabebwa angani kila siku kwa miaka ishirini, kila kilo unayoipunguza ni kilo ambayo hutailipia mafuta tena. Isitoshe, magnesiamu huyeyuka kwenye digrii 650 za sentigredi, wakati chuma kinangoja mpaka digrii 1538. Aloi yake inayotumika sana, iitwayo AZ91, yaani yenye aluminiamu karibu asilimia 9 na zinki karibu asilimia 1, huwa maji kabisa ifikapo karibu digrii 600. Kwa fundi huo si moto mkubwa. Kwa hiyo kuiyeyusha ni rahisi. Taabu iko katika chombo cha kuimiminia.

Hapa yanipasa nieleze kidogo juu ya kusubu kwa nta, kwa sababu najua wengi wenu hamjauona ufundi huu. Fundi hutengeneza kwanza kiolezo cha nta chenye umbo lile lile la kitu anachokitaka, na kila tundu lake na kila mkunjo wake. Violezo kadhaa hubandikwa kwenye shina moja la nta, kama ndizi kwenye mkungu. Kisha mkungu mzima huchovywa katika uji. Naam, uji; nao kwa kweli hufanana na uji wa muhogo. Ni unga laini wa kauri uliokorogwa katika maji yenye chembe ndogo mno za silika, na hizo chembe ndizo gundi. Mkungu ukitolewa humwagiwa chenga za kauri, ukaachwa ukauke, ukachovywa tena, ukamwagiwa tena, mara sita au saba au zaidi, mpaka upate gamba lenye unene wa milimita kadhaa. Halafu nta hutolewa kwa mvuke wenye shinikizo kubwa, gamba likabaki tupu, nalo huchomwa tanurini karibu na digrii 1000 mpaka liwe gumu kama kigae. Ndipo metali inapomiminwa. Ikishaganda, gamba huvunjwavunjwa. Nta imepotea, kalibu imevunjwa, na kilichobaki ni kitu kimoja chenye umbo ambalo pengine hakuna mashine ingeweza kulichonga.

Watu hudhani ufundi huu umetoka Ulaya. Mafundi wa Igbo-Ukwu, katika nchi ambayo leo ni Nigeria, walikuwa wakisubu vyombo vya shaba kwa nta yapata karne ya 9 au ya 10, tena kwa ustadi ambao hata sasa mtu wa kazi hii akiuangalia hushika kidevu. Wakafuata wa Ife na wa Benin; kazi za hao wa Benin zilitekwa na jeshi la Waingereza mwaka 1897 na kutawanywa katika majumba ya makumbusho. Huko Marekani, daktari wa meno aitwaye William Taggart aliutangaza ufundi huu mwaka 1907 kwa ajili ya kuziba meno, na katika Vita Kuu ya Pili ukachukuliwa na watengenezaji wa injini za ndege. Tangu hapo ni ufundi wa viwanda.

Sasa turudi kwenye gamba letu. Gundi yake ni silika, na mara nyingi unga wake na chenga zake zina silika pia. Silika ndiyo mchanga wa pwani, na ni silikoni iliyoshikana na oksijeni. Ukimimina humo shaba, chuma, au aloi za nikeli kwenye joto la digrii 1500, gamba hustahimili. Ukimimina magnesiamu, ambayo ina joto nusu ya hilo, gamba huliwa. Jambo hili huwashangaza wengi, maana tumezoea kufikiri kwamba kinachoharibu chombo ni ukali wa moto. Kumbe hapa kinachoharibu chombo ni uchu wa metali yenyewe.

Mwaka 1944 Harold Ellingham alichora grafu ambayo kila mwanafunzi wa metali hulazimika kuijua. Grafu hiyo inaonyesha kila metali inaishikilia oksijeni kwa nguvu kiasi gani. Nitawapa namba chache, nanyi wa Kidato cha Tano na cha Sita ziandikeni. Kwa kila moli moja ya oksijeni, katika joto la kawaida la chumba, silikoni huishika oksijeni kwa kilojuli 856. Alumina na zirkonia zote mbili ziko karibu na 1050. Magnesiamu iko kwenye 1139. Juu yake wako wachache tu, miongoni mwao kalsiamu kwenye 1207 na itriamu kwenye 1211. Joto likipanda namba zote hupungua, lakini hata kwenye joto la kumimina magnesiamu bado iko juu sana ya silikoni.

Someni tena namba hizo. Magnesiamu inaizidi silikoni kwa kilojuli 280 na ushei. Basi magnesiamu iliyoyeyuka ikigusa silika huinyang'anya oksijeni waziwazi:

2Mg + SiO2 = 2MgO + Si

Tena wizi huu hutoa joto, karibu kilojuli 290 kwa kila moli ya silika, na joto hilo huzidi kuuchochea. Wala mambo hayaishii hapo. Silikoni iliyoachwa uchi hukutana na magnesiamu nyingine, zikaungana kuwa silisidi ya magnesiamu, Mg2Si. Kwa hiyo unapovunja gamba hukuti uso laini uliouchonga katika nta. Unakuta ukoko mweusi kama ule wa chini ya sufuria ya wali uliosahauliwa jikoni, na chini ya ukoko kuna mashimo.

Niwakumbushe wahunzi wetu wenyewe, ili mwone tofauti. Katika nchi ya Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, watu waliyeyusha mawe ya chuma zaidi ya miaka elfu na mia tano iliyopita, na wataalamu walioichunguza kazi hiyo katika miaka ya 1970 waliona kwamba tanuri zilijengwa kwa udongo wa kichuguu. Mchwa walikuwa wamekwisha kuuchambua udongo huo, na ulivumilia moto vizuri. Udongo huo una silika na alumina tele. Lakini makaa ndiyo yaliyoinyang'anya oksijeni ile oksidi ya chuma, na chuma chenyewe hakina nguvu ya kuinyang'anya silika. Kwa hiyo kuta zilisalimika kiasi cha kutosha kazi kwisha. Mhunzi yule yule, na ufundi wake wote, angemimina magnesiamu katika udongo ule ule, angeona maajabu.

Kuna mambo mengine mawili yanayoifanya hali iwe mbaya zaidi. La kwanza ni kwamba utando wa oksidi ya magnesiamu hauifuniki metali. Aluminiamu ikipata kutu yake nyeupe, kutu hiyo ina ujazo mkubwa kuliko metali iliyoliwa, mara 1.28, kwa hiyo hutanda na kufunika kama blanketi la kutosha. Oksidi ya magnesiamu ina ujazo wa 0.81 tu ya metali iliyoliwa. Ni blanketi fupi la bwenini: ukivuta kichwani miguu inabaki nje. Oksijeni hupenya katika nyufa, na mmenyuko huendelea. La pili ni kwamba magnesiamu hutoa mvuke upesi, hata kabla ya kuchemka kwenye digrii 1090. Mvuke huo huingia katika vitundu vya gamba, ambavyo tumeviacha makusudi ili hewa itoke, ukaenda kuila silika ndani kabisa mahali ambapo maji ya metali yasingefika.

Basi, mtu atasema, tumia gamba baridi, metali igande kabla haijala kitu. Ni kweli, na kwa kitu kinene dawa hiyo hutosha. Lakini watu hawatafuti magnesiamu ili watengeneze vitu vinene. Wanataka kuta za milimita mbili, na metali nyepesi haibebi joto jingi. Ikiingia katika gamba baridi huganda njiani, ikaacha ukuta nusu. Kwa hiyo unalazimika kulipasha gamba, digrii mia mbili, mia tatu, mia nne. Kila unapolipasha zaidi ukuta unajaa vizuri zaidi, na ukoko nao unakuwa mnene zaidi. Gamba la kauri, tena, hupitisha joto polepole, kwa hiyo metali hukaa maji kwa muda mrefu ikigusana na silika. Huo ndio mtego wenyewe, na miaka yangu mingi niliitumia nikiwa katikati ya pande zake mbili.

Nilikuwa Uingereza wakati huo, katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja jina. Mwaka 1987 tulikuwa na oda ya vifuniko vya gia za ndege. Mvulana aliyekuwa akinisaidia kumimina, umri wake haukuzidi wenu wa Kidato cha Sita, alipewa gamba lililokaa usiku kucha nje ya kabati ya joto. Gamba la kauri hunywa unyevu wa hewa kama kitambaa. Magnesiamu ilipokutana na unyevu huo ilifanya inavyofanya daima: ikayanyang'anya maji oksijeni yake na kuiachia hidrojeni. Metali ilirushwa juu. Kioo cha uso kilimwokoa macho, lakini mkono wake wa kushoto ulichomeka tangu kiganja hadi kiwiko, na hakurudi tena katika kazi ile. Gamba hilo lilikuwa limeachwa pale kwa sababu kabati ilikuwa imejaa, na kabati ilikuwa imejaa kwa sababu oda ilikuwa imechelewa.

Oda iliendelea. Vifuniko vilitoka na ukoko, ukoko ukaondolewa kwa kupigwa na vijipunje vya chuma, vikang'aa vizuri sana. Ndipo pakazuka mabishano ambayo ningependa vijana wanaotaka uhandisi wayasikie. Kuna njia ya kukagua nyufa na mashimo madogo: unapaka rangi inayopenya, unaifuta, unapaka unga mweupe, na penye shimo rangi huchuruzika nje. Msimamizi alisema vifuniko vimepita, kwa maana rangi haikuonyesha kitu. Mkaguzi mmoja, mama mmoja aliyekaribia kustaafu, akakataa kutia sahihi. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Vijipunje vya chuma vinapoipiga metali laini huipondaponda, vikaiziba midomo ya mashimo. Rangi itaingia wapi? Alitaka vifuniko vichovywe kwanza katika asidi ili ile ngozi iliyopondwa iondoke, ndipo vikaguliwe upya.

Palikuwa na simu, palikuwa na vikao, palikuwa na maneno juu ya gharama. Mimi nilikuwa mgeni, tena mweusi pekee katika idara, na sikujidai kuwa na sauti kubwa. Lakini niliulizwa kama mtaalamu, nikasema mama yule ana haki, na nikaandika hivyo. Vifuniko vikachovywa, vikapakwa rangi tena. Zaidi ya nusu vilionyesha vitone vyekundu, hasa penye pembe za ndani, mahali ambapo gamba huwa na joto zaidi na metali huchelewa kuganda. Havikwenda. Sijui vingefanya nini angani. Mkaguzi alistaafu mwaka uliofuata na alipewa saa ya ukutani.

Nisije nikawafanya mdhani kwamba hakuna tiba. Ziko, ila kila moja ina lake.

Tiba ya kwanza ni kubadili unga wa tabaka la ndani, lile linalogusa metali. Weka alumina, au zirkoni, au kwa mwenye fedha, itria. Alumina ni bora kuliko silika kwa mbali, ingawa magnesiamu huweza kuila nayo kidogo kidogo na kufanya spineli, yaani oksidi ya magnesiamu na aluminiamu pamoja. Itria na kalisia huishika oksijeni kwa nguvu kuliko magnesiamu, hivyo hazinyang'anyiki. Lakini itria ni ghali, na kalisia ni chokaa: ukiiacha kwenye hewa yenye unyevu inajichomea yenyewe kama chokaa ya mwashi. Watu wengi pia husahau jambo moja. Unaweza kununua unga wa alumina safi kabisa, ukaukoroga katika gundi ile ile ya silika, halafu ukashangaa kuona ukoko bado upo. Silika haikutoka katika unga; ilikuwa ndani ya uji tangu mwanzo. Nimewaona wataalamu wenye shahada kubwa wakihangaika na unga miezi mingi bila ya kuigusa gundi.

Tiba ya pili ni kuilaza metali usingizi kwa kitu kinachofunika uso wake. Wasubu wa mchanga walikwisha kugundua zamani kwamba ukichanganya mchanga na salfa, au asidi ya boriki, au chumvi iitwayo floroborati ya potasiamu, magnesiamu haiwaki ovyo. Chumvi hii ikipata joto hutoa floridi ya boroni, na uso wa metali ukapata utando wenye floridi ya magnesiamu. Mnakumbuka blanketi letu fupi la 0.81? La floridi lina 1.42. Linafunika. Katika magamba ya nta tuliichanganya chumvi hiyo katika uji, na matokeo yalikuwa mazuri; lakini gesi yake ni sumu, na pasipo na mfumo wa kuivuta nje, afadhali kuacha.

Kisha ilikuja gesi ya heksafloridi ya salfa. Fundi yeyote wa magnesiamu wa rika langu ataisifu: haina harufu, haina sumu, na tone dogo tu katika hewa huituliza metali. Tuliitumia kwa moyo mweupe. Baadaye ikadhihirika kwamba kilo moja ya gesi hiyo, katika muda wa miaka mia moja, huipasha dunia kama zaidi ya kilo 20,000 za hewa ya ukaa. Umoja wa Ulaya ulianza kuipiga marufuku mwaka 2008 kwa viwanda vikubwa vinavyosubu magnesiamu kwa mgandamizo, na kuanzia mwaka 2018 vidogo navyo vikaguswa. Siku hizi watu wamerudia salfa dioksidi, ambayo inakohoza, au wanatumia gesi nyingine zenye florini ambazo hazidumu angani muda mrefu.

Tiba ya tatu ni kuibadili metali yenyewe. Kalsiamu kidogo ikitiwa katika aloi hukimbilia juu na kuujenga utando ulio imara zaidi, na metali huchelewa kuwaka. Itriamu nayo hufanya hivyo. Iko aloi iitwayo WE43, yenye itriamu karibu asilimia 4, ambayo ilisaidia kuwashawishi wakubwa wa usafiri wa anga. Mpaka mwaka 2015 kanuni za viti vya ndege zilikuwa zikikataza magnesiamu kabisa, na mwaka huo katazo likalegezwa kwa aloi zinazofaulu majaribio ya moto. Lakini msisahau grafu. Itriamu inaipenda oksijeni kuliko hata magnesiamu. Ukiimimina WE43 katika gamba la silika, ile itriamu uliyoinunua kwa bei kubwa inakwenda kuishia katika ukoko.

Kwa maoni yangu, na wenzangu wengine hawakubaliani nami, hakuna tiba moja itakayotosha. Mimi napendelea tabaka la ndani lisilo na silika hata katika gundi, gamba lililokaushwa kwa uaminifu na kusafishwa hewa kwa agoni kabla ya kumimina, na joto la gamba lililo dogo kadiri ukuta utakavyoruhusu. Ni kazi ya uvumilivu kuliko ya uvumbuzi.

Sasa, Mkuu wa Shule, naomba radhi niguse jambo la hapa nyumbani. Jana nilizungushwa maabara ya Kemia, na nimefurahi kuiona imepakwa rangi. Ile ndoo nyekundu ya mchanga wa kuzimia moto, hata hivyo, inakaa barazani, chini ya bati linalovuja. Mchanga mkavu, kwa utepe mdogo wa magnesiamu, unafaa kabisa; unaifunika na kuikosesha hewa, na ukubwa wa moto hautoshi kuanzisha mambo niliyoyaeleza. Mchanga uliolowa ni jambo lingine. Maji yatageuka hidrojeni juu ya meza ya mwanafunzi. Mtungi wa hewa ya ukaa nao haufai, kwa kuwa magnesiamu huwaka ndani ya hewa ya ukaa na kuacha masizi. Huko Le Mans, Ufaransa, tarehe 11 Juni 1955, gari la mashindano lenye bodi ya aloi ya magnesiamu lilirukia watazamaji, na maji yaliyomwagwa kuuzima moto yaliuzidishia ukali. Waliokufa katika ajali ile walizidi themanini. Ndoo ile iwekewe mfuniko, mchanga ukaangwe ukauke, na ikae ndani. Hakuna haja ya bajeti.

Mwisho nijibu swali. Jioni, kijana mmoja wa Kidato cha Tano alinifuata akaniuliza: kama kauri inaliwa, magnesiamu huyeyushiwa katika chombo gani? Ni swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa katika mikutano ya wataalamu. Huyeyushiwa katika chungu cha chuma, chuma hiki hiki tukijuacho. Magnesiamu iliyoyeyuka haikiyeyushi chuma ila kwa kiasi kidogo mno, wakati aluminiamu ingekitafuna. Akaniuliza tena: basi kwa nini kalibu nayo isiwe ya chuma? Nikamwambia ndivyo vinavyofanya viwanda vinavyosubu kwa mgandamizo, kwa maelfu ya vitu vya namna moja. Lakini kalibu ya chuma lazima ifunguke, na kitu kitoke. Penye njia za mafuta zinazopinda ndani kwa ndani hakuna kalibu itakayofunguka. Lazima ivunjwe, na chuma hakivunjwi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: je, kama gamba lingekuwa la chumvi, likayeyushwa kwa maji?

Nilimwambia kwamba wako watu waliokwisha kusubu vitu vidogo vya magnesiamu kwa kuzungushia chumvi ya mezani, ambayo huyeyuka kwenye digrii 801, juu ya magnesiamu yenyewe, na kwamba klorini haiachi sodiamu ili ishike magnesiamu kwa urahisi. Tatizo ni kuiosha chumvi yote kabisa, maana ikibaki hata kidogo itaila metali kwa kutu. Tulilizungumza mpaka kengele ya taa ikalia, na hatukulimaliza.

Nimemwachia mwalimu wa Kemia vipande vitatu. Kimoja kilisubiwa katika gamba la silika, cha pili katika gamba la alumina lenye gundi ya silika, cha tatu katika gamba la itria. Vimekatwa na kung'arishwa upande mmoja. Vitazameni kwa lenzi, kuanzia ukingoni kwenda ndani, na msivishike kwa mikono yenye jasho.